Okello Alipoambiwa Asikimbie

Mjukuu wangu Sanyu,

Huku Mengo tu wazima, na mama yako amepona kikohozi. Umeniuliza kwa nini kasi yako inapungua ingawa unazidisha mazoezi.

Enzi za utawala wa jeshi, rafiki yangu na mwenzangu wa mbio chuoni, Okello, alikimbia mbio za kasi kila siku. Baba yake alikuwa amechukuliwa na askari, naye alitaka kuingia timu ya kwenda kushindana nchi za nje. Miguu ikawa mizito, usingizi ukamkimbia.

Kocha wetu akamwambia, "Wewe si mvivu, mwanangu. Umechoka, na una huzuni. Njoo ukae kwangu, usikimbie kwanza."

Okello alilia mbele yetu. Mke wa kocha akampikia matoke, akamwacha alale mchana kutwa, siku baada ya siku. Siku ya uteuzi wa timu alituacha wote nyuma, nami nikafurahi.

Kesho usikimbie, Sanyu. Lala, kisha unipigie simu.

Jajja wako