Mkate wa Mofa na Seli Zako

Mjukuu wangu Zainabu,

Salamu zako zimefika. Hapa Kisauni tu wazima. Babu yako humwambia kila apitaye barazani kwamba wewe watenga mbegu za damu kutoka kwenye uboho wa mifupa, nami simkatazi, wallahi!

Waniuliza ufanyeje, maana seli hizo hushika vizuri kwenye sahani inayonata, lakini ukizibandua zinakufa. Mambo ya maabara siyajui. Ila mkate wangu wa kwanza wa mofa niliubandika ukutani mwa tanuri, nikaung'oa kwa kisu, ukachanika. Mama akaniambia, "Ungoje, mwanangu. Ukiiva utaachia wenyewe." Wa pili ukatoka mzima.

Siku ya safari yako ya kwenda huko uliko ulining'ang'ania buibui. Sikukubandua. Nilingoja, ukaniachia mwenyewe.

Nyanya yako, ajivuniaye wewe,
Mwanaisha