Vyoo Vilivyoelekea Kibla

Jumamosi. Jua kali, upepo umekata tangu asubuhi.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Si Mama, si Mwanasha ambaye tumekalia dawati moja tangu kidato cha kwanza, si hata nyinyi wachache mnaopita kwenye blogu hii mkasoma.

Ule mchoro ni wangu.

Haya, nimesema. Na leo si woga peke yake. Ni furaha, ile ya kutaka kupiga kelele mtaa mzima usikie, nami ni mtu ambaye hata salamu huiitikia kwa sauti ya kunong'ona.

Nieleze tangu mwanzo. Chuo cha ufundi kilicho njia ya Msambweni kinataka jengo jipya: maktaba chini, madarasa na vyumba vya kompyuta juu. Wakaziomba shule za karibu michoro ya wanafunzi, jengo lisilokula umeme mwingi wala kupoteza maji. Wao wenyewe walikuwa na ramani yao tayari, jengo refu lililoikabili barabara, vioo kila mahali. Lakini barabara yetu hii inateremka kusini hadi Lunga Lunga. Jengo likiikabili, ubavu mmoja mrefu unapigwa na jua la asubuhi, wa pili unapigwa na la jioni. Watu watasoma ndani ya tanuri, ndipo viletwe viyoyozi vya kuwaokoa.

Mimi nililigeuza.

Robo mzunguko tu. Mbavu ndefu nikazielekeza kaskazini na kusini, madirisha yakatazamana, upepo wa kusi uingie huku utokee kule, na wa kaskazi vivyo hivyo msimu wake ukifika. Upenu mpana wa kutia kivuli. Nafasi chini ya mabati, joto litoke kabla halijawashukia watu. Paneli za sola juu, na mifereji ya kupeleka maji ya mvua matangini, kwa sababu nina binamu Kinango na ninajua anakosa masomo siku za kwenda kutafuta maji. Jina sikuandika. Niliusukuma mchoro chini ya mlango wa Mwalimu Mbeyu, anayetufundisha Jiografia, nikakimbia kama mtu aliyeiba.

Jana asubuhi darasa letu lilipelekwa chuoni kuangalia michoro iliyobandikwa ukumbini. Naibu mkuu wa chuo, mama mmoja mrefu mwenye miwani, akaipita yote, akasimama mbele ya wangu.

"Huu ndio kamati imeupenda," akasema. "Sasa nani mwenyewe?"

Nilifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Mwanasha akasogea, akaukodolea macho mchoro, akaangua kicheko.

"Jamani! Aliyechora hajui kibla kiko wapi! Angalieni vyoo!"

Nikaangalia. Ya Rabi. Nilipoligeuza jengo niligeuza na kila kilichomo. Vyoo ambavyo vingeikabili barabara, sasa safu nzima ilielekea kaskazini sawasawa, na huku kwetu kaskazini ndiko kibla, tunakoelekea tukisali, si tukienda haja. Wako wanaosema kuwa ndani ya kuta nne haina neno. Lakini sijui nyumba hata moja hapa mtaani yenye choo cha namna hiyo, na mgeni akikikuta kwako, hadithi itafika Ukunda kabla yake.

"Basi ni Mutua," mtu akasema nyuma. Mutua na wazazi wake walitoka Ukambani, wana shamba kule kwenye skimu ya makazi.

"Nani, mimi?" Mutua akaruka. "Mimi hata nikichora kuku mnaniuliza ni kiatu cha nani!"

"Ni mtu wa bara tu," Mwanasha akakata shauri. "Muislamu hawezi kufanya haya."

Muislamu hawezi. Na mimi pale, niliyehitimu madrasa pamoja naye, nikatazama viatu vyangu. Kisha nikacheka nao. Hapo ndipo panaponiuma.

Naibu mkuu hakucheka. Alisema mwenye mchoro ajitokeze Jumatatu, aueleze mbele ya kamati na kurekebisha hivyo vyoo. Asipotokea, watarudi kwenye ramani yao ya barabarani, kwa sababu hawawezi kujenga kitu wasichokuwa na wa kumuuliza.

Kesho kutwa!

Leo baada ya adhuhuri nimejifungia na nakala ya mchoro, rula na kifutio. Nilidhani nitavizungusha vyoo tu, kazi kwisha. Havikuzunguka. Mlango mmoja ukagonga ukuta, bomba likapita katikati ya maktaba, nikafuta mpaka karatasi ikaota manyoya. Nikakaribia kulia. Halafu nikajiuliza: kwani lazima vikae pale?

Nikaving'oa vyote, pamoja na ngazi, nikavipeleka mwisho wa jengo upande wa magharibi. Vikae vinatazama mashariki, salama. Na tazama sasa: jua la alasiri, lile baya kabisa, linaishia kwenye ukuta wa vyoo. Chooni hakuna anayekaa kusoma. Joto linakausha sakafu, na madarasa yote nyuma yake yanabaki na ubaridi. Mabomba nayo yamekusanyika mahali pamoja, maji ya kunawia mikono yanateremka moja kwa moja hadi kwenye migomba niliyoichora nje.

Mchoro wa leo ni bora kuliko ule uliopendwa! Niliruka juu, nikagonga kidole cha mguu kwenye kitanda, na bado nikacheka. Mwanasha atanitania mpaka tuolewe, na anitanie tu.

Linalonizuia si Mwanasha.

Baba ni fundi wa viyoyozi. Hoteli nyingi za Diani ameshazipandia ngazi, hata kisiwani Chale ameshavushwa na vifaa vyake. Chuo kilikuwa kimemwita aikague ile ramani ya barabarani, aseme AC zitafungwa wapi na wapi. Tangu siku hiyo anaingia nyumbani akiimba. "Mwanaidi, jengo lile likianza tu, babako amepata kazi ya mwaka," huniambia, nami humtilia chai macho yakiwa chini.

Jengo langu halina hata AC moja.

Nimejaribu kujifariji. Paneli zitahitaji wa kuzifunga, pampu pia, na Baba umeme anaujua. Labda atasema hivyo mwenyewe. Labda atanyamaza, na Baba akinyamaza nyumba nzima hupoteza hamu ya kula. Sijui. Ninachojua ni kwamba nikisimama Jumatatu, jioni yake atakuwa ameshaambiwa na mlinzi wa geti la chuo. Hilo sitaki. Asikie kwangu kwanza.

Ndiye huyo.

Kandambili zake ziko uani. Ameweka boksi la vifaa chini, anamuuliza Mama niko wapi. Siku zote nikisikia nyayo hufunga ukurasa huu upesi, nikafungua maswali ya Kemia. Vidole vimeshakwenda mahali pa kufungia.

Nimeviondoa. Mchoro nimeutandaza kitandani, wote, upande wa madirisha juu.

"Hodi humo! Mbona kimya, umelala na joto lote hili?"

Ataniuliza AC zitakaa wapi. Nitamwambia kweli, kisha nitamwacha aseme, hata kama ni kwa hasira.

"Sijalala, Baba. Shikamoo. Ingia uone nilichochora."