Jina Lililosomwa Kanisani Jumapili Tatu

Mshauri wetu mpendwa, ninaomba unisaidie, na ninaomba jina langu lisitajwe, kwa kuwa najua barua hizi husomwa kwenye mkutano wa familia za mapokezi, sisi tunaowalea watoto waliopotezana na wao, nami nitakuwa nimeketi humo humo pamoja na wengine.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mshonaji wa nguo hapa Mabanga, asili yangu Butembo. Miaka mitatu iliyopita, watu walipokuwa wakimiminika kutoka Rutshuru wakikimbia vita, Mama Sylvie wa kamati ya ulinzi wa watoto ya kartie yetu, yaani mtaa wetu, alibisha mlangoni kwangu akiwa amemshika mkono msichana wa miaka sita aliyepotezana na watu wake njiani, akaniambia, "Mama, ni wiki mbili tu, tunamutafutia familia yake," nami nikampokea, nikampa uji, nikamlaza pamoja na binti zangu, na zile wiki mbili hadi leo hazijaisha, maana Mama Sylvie alirudi mara mbili, akaandika kwenye fishi yake, karatasi ya kumbukumbu za mtoto, kisha vita vikaingia mjini, na tangu hapo hakuna aliyekuja kuniuliza kama mtoto anakula au anaumwa.

Mtoto anaitwa Nyiramahirwe. Shuleni walimcheka kwa matamshi yake, majirani wakawa wanauliza huyu ni wa nani na ametoka upande gani, na siku zile swali hilo halikuwa la mchezo, jibu lake lingeweza kumponza mtu, basi nikaogopa, nikamwita Kasoki, mojawapo ya majina ambayo sisi Wanande huwapa mabinti kwa zamu ya kuzaliwa, nikasema ni mtoto wa marehemu dada yangu, nikamwandikisha hivyo shuleni na katika shirika letu la parokia, jumuiya ya majirani tunaosali pamoja. Mama mkwe wangu alipopata habari kwa simu aliuliza, "Huyu Kasoki ulimuzaa siku gani, na miye nilikuwa wapi?" Tukacheka sote, na baada ya kicheko hicho sikusahihisha tena.

Sasa kuna tangazo. Jumapili tatu mfululizo, mwishoni mwa Misa, limesomwa: anatafutwa Nyiramahirwe, binti wa marehemu Hitimana wa Rutshuru, mwenye kovu la moto katika kiganja cha kushoto, anayemfahamu amjulishe shangazi yake, Uwamariya, anayeishi Munigi. Mshauri, kiganja hicho kilikuwa ndani ya mkono wangu. Niliinamisha kichwa kama mtu anayesali, na mume wangu akanitazama mpaka tukatoka nje, akaniambia, "Mama, tulikubali kuchunga mutoto. Kumuficha, hiyo hatukukubali." Nikamjibu, "Papa, acha kwanza amalize mwaka wa masomo."

Jumapili ya kwanza mtoto aliinua kichwa aliposikia. Jumapili ya tatu hakuinua. Tulipokuwa tukirudi nyumbani akaniuliza, "Mama, ile jina ni ya mutu mwingine, ee?" Nikamwambia, "Ee, mwanangu, ni ya mutu mwingine." Akachukua kitabu changu cha nyimbo akanibebea.

Sili vizuri, nashona mikono ya kushoto mahali pa kulia, nimechoka. Je, ni kosa kumlinda mtoto ambaye wengine wote walichoka kumlinda?

Mama wa Mabanga

*

Mama wa Mabanga,

Ninakujibu mbele ya familia zilizokusanyika hapa, na nimeinamia karatasi makusudi, maana sijui umeketi wapi na sitaki kujua. Mimi pia nimechoka, mama. Barua za namna hii zimejaa mkobani mwangu, na kila moja inaanza na zile wiki mbili.

Ulipomwita Kasoki kwa hofu, ulimlinda. Ninaiamini hofu hiyo. Sote tulikuwa mjini humu. Lakini hofu ya siku zile haikuwa kanisani Jumapili tatu hizi. Kilichokuinamisha kichwa ni upendo uliogeuka kuwa umilikaji, na wewe unalijua hilo, ndiyo sababu unashona mikono mahali pasipo pake. Zamu ya kuzaliwa katika nyumba yako ni mali ya mabinti uliowazaa. Huyu alikuwa na nafasi yake kwingine kabla hujamwona, na kuna mwanamke anayetembea kutoka parokia hadi parokia akimtafuta.

Kabla sijakuambia la kufanya, nina neno kwa wengine. Ninyi wa kamati, msimwambie tena mama yeyote "wiki mbili" wakati hamjui. Semeni, "Hatujui ni lini, lakini tutarudi kila mwezi," kisha mrudi, hata mkono ukiwa mtupu. Familia inayotembelewa haipati upweke wa kubuni uongo kama huu. Na ninyi wa mashirika ya parokia, mlimsifu mama huyu kwa moyo wake mwema, mkaenda zenu. Sifa haimshikii mtoto anapougua malaria. Kila shirika lichague nyumba mbili za kupumzishana: mama wa mapokezi akilemewa, mtoto alale kwa jirani anayemfahamu, naye apate siku ya kupumua.

Sasa wewe. Usisimame kanisani kutangaza lolote. Mtoto si habari ya kuwapa watu. Kesho asubuhi nenda na mume wako kwa Mama Sylvie, mseme kila kitu, pamoja na jina mlilompa shuleni. Kamati ndiyo itakayomhoji Uwamariya na kuthibitisha udugu wake, kwa kuwa kovu peke yake halitoshi. Akithibitishwa, usimpeleke mtoto Munigi kama mzigo unaorudishwa. Mwalike shangazi kwako kwanza. Ale mezani pako, aone kitanda ambacho mtoto analalia, akuulize anachopenda na anachoogopa. Baadaye mtoto aende siku moja, kisha siku mbili, mpaka miguu yake iizoee njia. Munigi si mbali. Ukimkosa, panda teksi ukamsalimu, na huyo shangazi, ambaye naye atahitaji kusaidiwa, usimwache peke yake kama ulivyoachwa wewe.

Utalia. Sina dawa ya hilo. Mama mkwe wako naye mpigie simu, mcheke tena kama mtaweza, lakini safari hii mwambie ukweli.

Hayo yote ni ya kesho. Leo kuna moja. Mtoto wa miaka tisa hasahau jina alilopewa na baba yake. Alipokuuliza njiani, alikuwa anakupa nafasi ya kumjibu, na ulipomjibu vile, akakubali kubeba uongo wako pamoja na kitabu chako cha nyimbo. Mtue mzigo huo. Mkutano ukiisha, usisimame mlangoni kuzungumza na yeyote. Nenda nyumbani, keti naye, umshike kile kiganja cha kushoto, na umwite Nyiramahirwe. Kisha nyamaza, umngoje aitike.