Mishikio ya Pikipiki Yako Inapata Joto Tena

Tata,

Baridi ya mwezi wa sita imeingia Kolwezi, na mi nakuandikia na bidole yenye joto. Ndiyo, umesikia muzuri. Mishikio ya pikipiki yako, ile ya kupasha mikono, inafanya kazi yote mbili, kushoto na kuume. Usibishe.

Siku ya kumaliza matanga, Tata Mukubwa, kaka yako, aliketi mu kiti yako akagawa bitu yako mbele ya Mama kama mutu anagawa nyama. Chuma ya kuchomelea alibeba siku ile ile. Pikipiki aliacha, akasema atakuja kuichukua akipata mutu wa kuinunua. "Iko mubovu, na hapa hakuna fundi." Hakuna fundi! Na mi niliketi pale pale, miaka sita mu atelier yako ya ufundi, mafuta ingali mu kucha. Nililia, Tata, lakini haikuwa juu ya pikipiki. Nililia kwa sababu na weye ulikuwa unasemaka vile vile.

Unakumbuka soksi ya Mama? Mushikio wa kuume ulipokufa, ulivaa soksi yake ya maua ku mukono, ukaenda nayo mpaka Tenke, batu banacheka njia yote. Mara tatu ulitengeneza, mara tatu mushikio ukakufa tena. Ulisema ni baridi. Ulisema bitu ya siku hizi haina nguvu. Mi nilijua shida iko wapi. Nilipofungua kinywa uliniambia, "Weye mutoto, usinikosoe mbele ya bateja." Nikarudi ku kazi. Leo bateja hawako na weye hauko, basi sikiliza.

Nilikamata ampuli kidogo ya taa na nyaya mbili, nikapima. Umeme ulifika kushoto. Kuume ulikwama njiani. Nikapitisha maji ya sabuni chini ya mupira wa mushikio, ukatoka bila kupasuka. Nikauona waya, umekatika pale pale mukono unazungukaka kuongeza mafuta. Weye ulikuwa unaukaza na tepu kama kamba ya mbuzi, na kila ukizungusha unauvuta. Haikuwa baridi. Ilikuwa weye, Tata.

Chuma ya kuchomelea iko kwa kaka yako, basi nilichoma musumari munene mu makaa ya mbabula mpaka ukakuwa mwekundu. Nikayeyusha risasi ya radio ya zamani, nikaunga waya, nikauzungushia kipande cha mupira wa ndani wa gurudumu. Nikaacha waya ulegee kidogo, upate kuzunguka bila kuvutwa. Fyuzi nilitoa mu radio ile ile. Sikununua hata kitu kimoja.

Niliwasha injini nikangoja. Halafu kiganja cha kuume kikaanza kupata joto. Aaa, Tata! Nilipiga kelele mpaka Mama akatoka na mwiko mu mukono. Nilimuonyesha pa kushika. Akashika, halafu akakulilia mbele ya kila mutu. Ungekuwa hapa ungesema tunapoteza petroli.

Tata Mukubwa amesikia. Kesho, jumamosi, siku ya posho, anakuja na muteja wa Dilolo. Mama anataka tufiche pikipiki kwa jirani. Nimekataa. Tufiche sababu ya nini, tumeiba? Ikienda, mi nakwenda kwa bateja na nini? Atelier itakufa, na Mama atakula nini?

Sikuchukii. Nakulilia na nina hasira na weye, yote pamoja, na sijui nitamaliza lini. Lakini hii nakuahidi: mutoto yeyote akinikosoa mbele ya bateja, nitaangalia waya kwanza, nikasirike nyuma.

Lala, Tata, usihangaike na bya huku. Kesho asubui naiweka katikati ya kiwanja, injini inawaka, mi niko juu yake. Kaka yako akiitaka, anishushe kwanza, kartiye yote, mutaa muzima, inaangalia.

Kapinga