Mishono Kumi na Miwili

Chumba Na. 6,
Nyuma ya kiwanda cha nguo.
14 Juni.

Mpendwa dada,

Hujambo? Shemeji mguu wake umepona? Na yule kitinda mimba wenu, Kijiko, bado anakula kama ana matumbo mawili? Mimi mwili mzima. Roho ndiyo inayougua, na dawa yake siijui.

Jumamosi utampokea binti yako stendi. Amefukuzwa kazi. Nataka uyasikie kwangu kwanza, ingawa najua utanichukia.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba milango ya kiwanda hufungwa kwa kufuli tukiwa ndani? Mafundi cherehani waliamua kuunda chama ili wadai iachwe wazi. Sheria inawaruhusu, na meneja anajua, ila kwake neno chama ni tusi. Getini tunapekuliwa, karatasi haipiti. Basi wakatumia kipande cha kitambaa. Kila aliyejiunga alishona mstari mmoja kwa mkono, bila jina. Wakaona wamemaliza kazi. Walisahau kwamba fundi hujulikana kwa mshono wake kama mtu kwa mwendo wake.

Kitambaa kikakamatwa. Meneja akaniita mimi, mkaguzi wao kwa miaka tisa. "Nisomee hiki," akasema, "au na wewe uondoke nao."

Dada, nilisoma. Nilitaja watu kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kuweka hapo.

Kwenye mstari wa kumi na mbili sindano ilikuwa imerudi nyuma mara tatu kabla ya uzi kukatwa, vile ulivyonifundisha mimi, kisha ukamfundisha binti yako. Nikasema huo siujui. Damu nzito kuliko maji, nikajiambia, na nikajiona mjanja.

Mwanao alipopata habari aliweka mkasi mezani, akaingia ofisini bila kubisha hodi. "Wa kumi na mbili ni wangu," akasema. Akatoka na wenzake.

Asubuhi yake nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Alinipokea kwa adabu zake zilezile, akanipa hadi kigoda. Kisha akasema: "Mama mdogo, nilitaka tukuletee kitambaa nawe ushone mstari wako. Wenzangu walikataa, walikuogopa. Nikawaapia kwamba wewe huwezi kututaja."

Nililia mbele yake kama mtoto. Yeye aliendelea kukunja nguo.

Kazi bado ninayo. Milango bado inafungwa, na tangu jana ufunguo wa lile kufuli nimekabidhiwa mimi.

Mpe mama pole zangu kwa yaliyompata mjukuu wake, nisalimie shemeji na Kijiko. Mungu awafunike, na akupe moyo wa kuisoma barua hii mpaka mwisho. Binti yako mpokee kwa mikono miwili; hajafanya kosa lolote.

Mdogo wako akupendaye, kama bado utanihesabu,
Mkaguzi