Matango ya Nyuma ya Kibanda

Grellwitz,
20 Septemba 1992

Mpendwa Shangazi Roswitha,

Habari za Kanada? Mguu umepona? Sisi tupo. Babu katoka hospitali mwezi huu, anatembea na fimbo. Mimba ya Kerstin wangu imefika mwezi wa saba. Najua mimi si mtu wa barua, na mwandiko wangu unaujua, nivumilie.

Unakumbuka yale majani nyuma ya kibanda cha bustani, Babu alikuwa hataki yaguswe? Mwezi wa nne, yeye akiwa kalazwa, mwenyekiti wa chama cha bustani alikuja na kamba yake ya kupimia. "Kijana, sheria ni theluthi ya kiwanja ilimwe chakula. Au hapa unafuga ng'ombe?" Mimi kubishana siwezi. Nikalima, nikapanda matango. Yalizaa mpaka tukachoka kuchuma.

Jumatatu ofisi ya mji ikabandika karatasi getini, ina neno refu kama treni: Altlastenverdachtsfläche. Niliona haya kuuliza. Bi Lindner, yule mwalimu mstaafu wa kiwanja jirani, akaniona nimeganda, akanikatia neno vipande. Alt, cha zamani. Last, mzigo, limezaliwa na neno la kupakia, kama unavyopakia gari. Verdacht, kushuku. Fläche, eneo. Akasema siku hizi mzigo wa zamani maana yake sumu iliyoachwa ardhini.

"Nani aliupakia?"

"Hilo halimo kwenye neno, mwanangu."

Nyumbani nikamsomea Babu. Akaweka kijiko chini.

"Niliupakia mimi. Mapipa kumi na moja, gari la farasi, mwaka hamsini na mbili. Kiwanda nilichofanyia kazi kilisema fukia. Juu nikapanda majani, nikijua mtu hali majani."

"Mbona hukusema?"

"Enzi zile ungemwambia nani?" Halafu akaniangalia. "Nyie mmelima wapi?"

Kerstin alikuwa mezani, ana tango la siki mkononi. Kiangazi chote hakula kingine.

Wamemtoa damu ya kupima, majibu Alhamisi. Usingizi sipati, nahesabu mtoto anavyocheza.

Shangazi, zile chupa tatu za matango nilizokutumia mwezi wa nane ni za palepale. Usizifungue. Kama mmeshakula, nendeni kwa daktari, mmweleze hilo neno. Herufi nimezinakili mojamoja, sijakosea.

Nisalimie Mjomba Norbert na Silke. Mungu awafunike, na huyu wa tumboni pia.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nakupenda, na naogopa,
Heiko