Koboko wa Majengo

Inyonga, 4 Februari 2024

Dada Scola,

Shikamoo. Natumaini hujambo, watoto wanaenda shule, na ule mguu wako umepunguza kuvimba. Mimi ni mzima. Mvua huku inanyesha mpaka ng'ombe wamechoka kulowa.

Usishangae kupata barua kama enzi za bibi. Simu nimemkabidhi Mzee Machibya, mwalimu wangu, maana anayesomea nyoka hashiki simu mpaka siku ya ngoma ya kuhitimu. Ndiyo dada, nimeingia chama cha nyoka. Sasa kaa chini umalize kusoma.

Sababu unaijua. Baba alipogongwa na nyoka kule Litapunga tulimshika mimi na wewe mpaka mwili ukapoa, na hakuna aliyejua hata jani moja la kumwekea. Sitaki kusimama hivyo tena mbele ya mtu anayekufa.

Kuingia si kugumu kama watu wanavyotisha. Unaletwa na mwanachama. Mimi nimeletwa na Silvesta, tunayechunga naye. Unatoa kuku mweusi, unachanjwa mikono na miguu, unapakwa dawa, unaanza kufundishwa mizizi. Mwisho unamtaja ndugu wa damu wa kukushikia nyumba. Nimekutaja wewe. Kazi yako ni kutoua nyoka mpaka nicheze ngoma hiyo. Akiuawa kwako, inahesabika nimemuua mimi.

Mdogo wako,
Manyanda


Mpanda, Majengo, 11 Februari 2024

Manyanda,

Marahaba. Watoto wazima, mguu uko vile vile, nashona nikiwa nimeuegesha kwenye kigoda.

Hukuniuliza. Umenitaja kwa watu nisiowajua, mimi ninayeimba kwaya, kama vile unamtaja yule kuku wako. Tumebaki wawili tu, na wewe umetafuta kazi ya kushika kitu kilichomuua baba. Nimekasirika na nimeogopa, vyote kwa pamoja.

Bahati yako mbaya, barua imechelewa. Juzi nimekuta koboko nyuma ya gunia la mkaa. Mkubwa, mweusi mdomoni. Nimemkata kwa jembe na kumchoma moto. Mwambie mzee wako nyumba imeshavunjika, akupe simu yako, urudi. Kitanda chako kipo.

Dada yako,
Scola


Inyonga, 16 Februari 2024

Dada Scola,

Shikamoo. Poleni na hofu ya huyo nyoka. Namshukuru Mungu hakuwagusa watoto.

Barua yako nilimsomea mzee wakati tunakula. Aliuliza ni nyoka gani. Nilipotamka koboko, wote waliacha kula. Nilidhani watanifukuza, kumbe hapa hawafukuzi mtu. Nyoka aliyeuawa analipwa: mwanafunzi anamleta wa aina ile ile, akiwa hai, kwa mikono yake, kabla ya ngoma. Silvesta alilipa kifutu, na kifutu ni mzito, anakungoja. Koboko hakungoji. Hakuna mwanafunzi hapa aliyewahi kumleta.

Nilimuuliza mzee je, nikitoroka? Hakunitishia. Alisema taratibu tu, "Ukienda, nenda salama. Wenzake yule nyoka watamfuata aliyeua."

Nawe unalala na watoto mle ndani. Kwa hiyo sitoroki. Nimeonyeshwa kichuguu anakoishi mmoja, nitakwenda Jumanne. Usijilaumu hata kidogo, hukujua.

Mdogo wako,
Manyanda


Mpanda, Majengo, 19 Februari 2024

Mdogo wangu,

Leo nisamehe salamu. Hakuna koboko. Sijaua nyoka, sijaona nyoka, nyuma ya gunia kuna mende tu. Nilidanganya ili wakufukuze, na nilimchagua koboko nikidhani wakiogopa sana watakufukuza haraka.

Barua yako nimeipata sasa hivi. Usiende kwenye kichuguu. Msomee mzee barua hii, mwambie dada yangu ni mwongo, wanicheke wanavyotaka. Nimepiga simu yako mpaka vidole vinauma, imezimwa. Barua hii nampa kondakta wa basi la leo, nimemlilia aifikishe usiku huu huu. Kesho napanda basi mwenyewe, hata kama mguu utaburuzwa.

Manyanda, nakuomba.

Dada yako,
Scola


Inyonga, 20 Februari 2024

Dada Scola,

Shikamoo. Naandika haraka, Silvesta anapeleka hii kituoni kabla hatujaondoka. Usiku nililala vizuri, nimekunywa uji, mikono imetulia.

Barua yako imefika alfajiri. Sijaifungua. Mzee amesema anayekwenda kwa nyoka hapokei habari za nyumbani, zisije zikamtetemesha mkono. Nilimbembeleza kidogo, akakataa, na nimemuelewa. Kwa jinsi nikujuavyo, umeniombea sala ndefu humo, au umenigombeza, na vyote nitavihitaji nikirudi. Nimeiweka kwenye shati langu safi nililotundika mlangoni. Nitaisoma jioni.

Waambie watoto kuanzia leo walale bila wasiwasi.

Mdogo wako,
Manyanda